Mia Mbili ya Baba na Saba ya Mzee Shabani

Mwanangu Idi, mwavuli wako uko nyuma ya mlango, pale pale ulipousahau jana. Utauchukua, lakini kwanza kaa. Jana ulikuja na mkeo, na kuna maneno ambayo mtu mzima hamwambii kijana mbele ya mkewe, kwa hiyo nilikumiminia chai nikanyamaza. Ulinionyesha karatasi yako ya hospitali. Ukaniambia, "Bibi, soma hapa, kolesteroli yangu iko chini," ukacheka, nami nikasoma nikakupongeza, maana ni kweli iko chini. Kisha ukainama kuniaga, na koti lako likaninukia sigara.

Usinitazame hivyo, sikugombezi. Nataka tu nikueleze habari ya karatasi mbili nilizoziona nilipokuwa msichana. Tangu jana zimenikaa kichwani hazitoki, na nikisema kweli, katika habari hiyo kuna mahali ambapo mimi mwenyewe bado huchanganyikiwa.

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu. Tulikuwa tunakaa Shauri Moyo, hapa hapa Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimekaa tu nyumbani, nangoja kazi ambayo kila mjomba aliahidi kunitafutia na hakuna aliyeitafuta. Baba yangu, ambaye wewe hukumwahi, aliitwa Kassim, na alikuwa fundi cherehani Gikomba. Makoti ya mitumba yalipotolewa kwenye marobota yakiwa makubwa kupita kiasi, yaliletwa kwake ayapunguze mabega na mikono mpaka yamkae mtu wa kwetu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na sigara haikumtoka mdomoni. Moshi ulimwingia jicho la kushoto miaka mingi hata jicho lenyewe likazoea kukaa nusu limefumba, na watu wasiomjua walidhani anawakonyeza. Mama alikuwa akimtania kwamba siku akisahau ufunguo atapita chini ya mlango.

Rafiki yake alikuwa Mzee Shabani, mwenye duka la nafaka na sukari kule Majengo, si mbali na kwetu. Walikua pamoja, wakatiwa jandoni pamoja, na wote wawili walioa mwaka mmoja. Huyu Shabani alikuwa mnene wa kupendeza, mtu wa kucheka kwa mwili mzima. Dukani kwake alikuwa na mizani ya zamani na mawe yake ya ratili, na pembeni mawe mapya ya kilo, kwa sababu serikali ilikuwa imeshabadilisha vipimo lakini wateja wake wazee hawakubadilika. Ajuza akiomba ratili ya sukari alipimiwa ratili. Kijana akitaka kilo alipimiwa kilo. Kila jioni baada ya swala ya alasiri, baba na Mzee Shabani walikaa kwenye benchi mbele ya duka hilo wakinywa kahawa chungu na kuisema dunia.

Sasa, palitokea msiba. Mwalimu wa madrasa ya hapo mtaani, mtu ambaye hakuwa mzee wala hakujulikana kuumwa, alishikwa na kifua akifundisha watoto, akafa kabla hajafika hospitali. Ndugu zake waliambiwa ni moyo, kwamba mafuta yalikuwa yameziba mishipa. Basi mtaa mzima ukaingiwa na hofu. Kabla ya siku hiyo mafuta kwetu yalikuwa ya kuwekwa kwenye pilau, hakuna aliyewaza kwamba yako pia kwenye damu. Watu wakaanza kushika vifua vyao wakipanda ngazi.

Baba na Mzee Shabani wakakubaliana kwenda kupimwa. Ungetarajia waende pamoja, watu ambao hata kunyolewa walikwenda pamoja. Lakini unajua desturi yetu hapa Nairobi, mtu haendi ofisi wala hospitali ambayo hana mtu wake. Mzee Shabani alikuwa na mpwa wake anayefanya kazi katika hospitali moja kubwa, akaenda huko. Baba alikuwa na daktari wake mzee wa kliniki ndogo Eastleigh, aliyetutibu sote tangu surua za utotoni, akaenda huko. Kila mmoja akatolewa damu na mtu wake, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

Asubuhi hiyo ninayokwambia, baba alirudi na bahasha. Daktari hakuwepo, kwa hiyo msichana wa mapokezi alimkabidhi majibu akamwambia arudi wiki inayofuata aelezwe. Baba hakungoja kuelezwa. Mimi nilikuwa msomi wa nyumba, akanipa karatasi.

"Soma, Rukia."

Nikasoma. Kulikuwa na jina lake, neno kolesteroli, na namba. "Mia mbili na kumi na mbili," nikasema.

"Mia mbili nini?"

Nikatazama. Mbele ya namba palikuwa na viherufi vidogo ambavyo sikuwahi kufundishwa. "Sijui, Baba. Imeandikwa kwa kifupi."

Mama, aliyekuwa anapepeta mchele, alisimamisha ungo. Baba alisema mia mbili si chache, kisha akasema twende kwa Shabani, yake ilitoka jana.

Mzee Shabani alikuwa na karatasi yake mfukoni mwa shati, imekunjwa vizuri kama mpwa wake alivyomletea. Akanipa nisome mbele ya watu wote wa benchi. Nikasoma, na nakumbuka nilirudia mara mbili kwa kutojiamini. "Saba nukta nne."

"Saba?" baba akauliza.

"Saba na kidogo."

Watu wakamtazama Mzee Shabani, na tumbo lake, na kiti chake kilichofungwa waya miguuni kisivunjike. Wakamtazama baba, ambaye suruali yake ilishikiliwa na mkanda tu. Yule mwenye tumbo ana saba, na huyu mkavu ana mia mbili. Muuza kahawa akasema, "Mzee Kassim, kwani haya mafuta unayaweka wapi?" Wakacheka wote. Baba pia alicheka, lakini niliona mkono wake ukitafuta sigara mfukoni usiione, na pakiti ilikuwa kwenye mkono wa pili.

Mimi nilichanganyikiwa kabisa. Shuleni nilikuwa hodari wa hesabu, na hesabu hii haikukaa. Hata hivyo karatasi zote mbili zilikuwa na mihuri, na nani mimi wa kubishana na mhuri.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu iligeuka. Baba aliacha pilau, akaacha samli, akaacha mahamri ya mama ambayo alikuwa akiyala tangu harusi. Kila jirani aliyepita aliacha ushauri wake. Huyu alisema kitunguu saumu kabla ya kula, yule alisema ndimu kwenye maji moto, mwingine akakataza mayai, mwingine akasema mayai hayana neno bali chumvi ndiyo mbaya. Mama alifuata yote kwa pamoja, hata ikafika siku tukala kabichi iliyochemshwa bila mafuta, bila chumvi na bila mazungumzo. Vijana wa mtaa, ambao hawana haya, wakampachika baba jina. Akipita walimsalimia, "Sasa, Buda Mia Mbili," na buda kwao ni mzee. Alijifanya hasikii.

Kitu kimoja tu hakukiacha. Kwa ile hofu alivuta kuliko zamani. Aliwasha sigara kwa sigara, akikohoa, akisema sigara ndiyo iliyobaki ya kumtuliza, na hakuna jirani hata mmoja miongoni mwa wale washauri aliyemwambia aiweke chini. Nadhani ni kwa sababu wengi wao nao walikuwa wanavuta.

Mzee Shabani kwa upande wake alifurahi waziwazi. Aliipigilia karatasi yake ukutani dukani, kando ya leseni ya biashara, kila mteja aione. Ijumaa baada ya swala alikwenda soko la Burma kula mbavu, zile zenye mafuta yanayotiririka mpaka kiwikoni, akisema mwili wake umethibitishwa. Lakini sitamsema vibaya. Alimhurumia baba kwa dhati. Alikuja nyumbani na papai, akakaa mkekani, akamwambia, "Usiogope, ndugu yangu. Mimi niko. Wanao ni wanangu." Baba alipoondokewa na mgeni huyo akalala chali akatazama mabati.

Hapo ndipo alipoanza kugawa vitu. Mkasi wake mzuri akampa fundi mwenzake. Akamwonyesha mama mahali alipoweka sanda. Akaniita mimi akaniambia cherehani isiuzwe, nijifunze kuitumia, itanilisha. Alinena kwa upole, naye hakuwa mtu mpole. Nilitoka nikaenda kulia bombani, nikijifanya nachota maji. Baba yangu alikuwa anajiandaa kufa, na aliyemsomea hukumu yake kwa sauti alikuwa ni mimi.

Ndipo akaja shangazi yangu, Bi Mgeni, dada mkubwa wa baba. Alikuwa akikaa mtaa wa Baba Dogo ambako mumewe alifanya kazi kiwandani, na habari zilimfikia kuchelewa. Aliingia akamkuta mdogo wake amekonda, mama macho mekundu, na mimi nimeshika karatasi. Hakuvua hata buibui. Akauliza swali moja.

"Daktari amesemaje?"

Tukatazamana.

"Nauliza. Daktari amesemaje?"

Nikajibu kwamba daktari hakuwepo siku ile, na baba hakurudi.

"Kwa hiyo mmekaa hapa wiki nzima mnaililia karatasi," Bi Mgeni akasema, "na mwenyewe aliyeiandika yuko Eastleigh anakunywa chai yake. Kassim, wewe mteja akikuletea koti akalitupa mezani akaenda zake, unalikata?"

"Siwezi. Simjui mwili wake."

"Haya. Na wewe Rukia, umesomeshwa mpaka kidato cha nne ili uje usome namba kama kasuku? Usichokielewa huulizi?"

Mwanangu, maneno yale yaliniuma, na yananiuma kidogo hata leo ninapoyasema. Nilikuwa nimeona aibu kuuliza, kwa vile ndiye niliyetegemewa kujua. Bi Mgeni akatuamuru twende kesho yake, na akasema tuombe na karatasi ya Shabani, tumwulize daktari huyu mtu mnene alifanya nini akapata saba, labda na sisi tukakifanya. Mzee Shabani alibandua karatasi ukutani kwa furaha. "Mwonyesheni," akasema, "aone damu inavyotakiwa kuwa."

Daktari alikuwa mzee mwenye Kiswahili cha Mombasa na miwani mizito. Aliitazama karatasi ya baba, akaiweka chini bila haraka. Kisha akaitazama ya Mzee Shabani, na hiyo hakuiweka chini.

"Huyu ni nani? Yuko wapi sasa?"

"Ni rafiki yangu," baba akasema. "Yuko dukani kwake, mzima kabisa. Ana saba tu."

Daktari akavua miwani. "Wewe ni fundi wa nguo. Kiuno cha inchi thelathini na mbili na kiuno cha sentimita themanini, kipi kikubwa?"

Baba alijibu bila kufikiri. "Vinakaribiana. Ni suruali moja hiyo."

"Basi na hizi ni hivyo hivyo. Hapa ulipopimwa wewe tunatumia kipimo cha zamani. Alipopimwa yeye wanatumia kipya. Hizi herufi ndogo ndizo zinazosema. Hii saba ya rafiki yako nikiigeuza kwa kipimo chako inakaribia mia tatu."

Nilimwona baba akirudiwa na uhai. Mgongo ulinyooka, na lile jicho la kushoto likafunguka lote, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Halafu nikaona akimkumbuka Mzee Shabani, na uso ukashuka tena.

Daktari hakuwa amemaliza. Alimfunga baba mpira wa kupimia presha mkononi, akapima, akapima tena. Akamwuliza anavuta kiasi gani. Akamwuliza baba yake mzazi alikufa kwa nini. Baba akasema mzee wake hakuugua, alianguka tu siku moja akilima, hata mvi zilikuwa hazijamjaa. Daktari akaandika.

"Sikiliza, Bwana Kassim. Mafuta yako yamezidi kidogo, si sana. Lakini presha yako iko juu, unavuta mno, na baba yako alikwenda namna hiyo. Mafuta ni jambo moja tu kati ya mengi. Nakuogopea wewe kama ninavyomwogopea yeye."

Nikashindwa kujizuia. Nilikuwa nimeshaaibishwa mara moja kwa kunyamaza. "Daktari, samahani, sijaelewa. Mgonjwa ni nani basi? Baba au Mzee Shabani?"

Akanitazama vizuri, kama aliyefurahi kuulizwa. "Leo hakuna mgonjwa. Wote wawili wako kwenye hatari, kila mmoja kwa sababu zake. Hatari si ahadi, binti yangu. Sikwambii nani ataanguka wala lini. Nakwambia tu mahali pa kupunguza. Yeye apunguze nyama na uzito, haraka, na aje nimwone. Baba yako aache sigara leo, ameze dawa ya presha kila siku, hata siku asipoumwa na kichwa."

Niliyasikia yote. Baba alisikia mpaka pale "si sana," kisha masikio yake yakafunga duka. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega na ninaweza kukuapia kwamba nililiona jambo hilo likitokea. Tulipofika barabarani akasimama, akawasha sigara, akavuta kwa raha kuliko siku zote za wiki ile.

"Baba, daktari amesema..."

"Rukia, si umesikia mwenyewe? Niko chini ya Shabani."

Njia nzima ya kurudi aliwaza jinsi ya kumwambia rafiki yake. Mara aseme, mara anyamaze amwachie furaha yake. Mwisho tulipofika dukani aliingia nyuma ya meza, akachukua mawe saba ya ratili akayapanga upande huu, akachukua mawe saba ya kilo akayapanga upande ule. "Shabani," akasema, "hizi ni saba na hizi ni saba. Sukari ni sawasawa?" Kisha akamweleza.

Mzee Shabani alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani ataogopa. Badala yake akakasirika, nami sikuwahi kumwona amekasirika. Alisema baba ameshindwa kuvumilia kumwona mwenzake mzima. Alisema daktari wa kichochoro hawezi kuikosoa hospitali kubwa. Akaichukua karatasi yake mikononi mwangu, akaipigilia pale pale ilipokuwa, akapiga nyundo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Jioni hiyo baba alinywea kahawa nyumbani, na benchi la mbele ya duka likabaki tupu.

Nilichanganyikiwa tena, mwanangu. Nilikuwa nimedhani ukweli ukishajulikana mambo hunyooka. Sasa aliyeambiwa habari mbaya amekataa kuisikia, aliyeambiwa nzuri na mbaya pamoja amechukua ile nusu tamu, na marafiki wa maisha hawasalimiani.

Hazikupita siku nyingi. Mzee Shabani alikuwa anapima sukari akajisikia uzito kifuani, na mkono wa kushoto ukafa ganzi. Akasema ni gesi. Akaomba chai ya tangawizi. Jasho likamlowesha, akasema ni joto, na ilikuwa mwezi wa saba, Nairobi nzima imevaa sweta. Mkewe alitaka kwenda kumtafuta yule mpwa wa hospitali. Mzee Shabani akakataa, akasema, "Niitie Kassim."

Baba aliacha koti kwenye cherehani, sindano iko ndani ya kitambaa. Hapo Gikomba gari la kukodi lingepatikana wapi? Akamchukua mtu wa mkokoteni aliyekuwa anashusha marobota, wakaenda mbio Majengo, wakamlaza Mzee Shabani juu ya magunia. Mwenye mkokoteni alivuta, baba alisukuma nyuma, wakipiga kelele wapishwe, mpaka barabara kubwa walipopata gari la mtu mwema. Madaktari walisema kama wangechelewa zaidi, tungekuwa tunazungumzia mazishi. Baba alirudi usiku ule shati limemgandia mgongoni, akipumua kwa tabu, akakaa kizingitini akawasha sigara ili atulie.

Mzee Shabani alipona. Alirudi mtu mwingine. Ile karatasi aliibandua mwenyewe, msumari ukabaki ukutani mtupu. Aliacha Burma, alitembea kwa miguu kila alfajiri, alimeza dawa zake bila kukosa, na polepole lile tumbo likaondoka. Mama alisema sasa kiti chake hakihitaji tena waya. Benchi likapata watu wake wawili, na ugomvi haukutajwa.

Baba naye alirudi kwenye mahamri. Dawa ya presha aliimeza siku kichwa kilipomgonga, kisipomgonga akaiacha kabatini. Tulisema naye. Mama alisema, Bi Mgeni alisema mpaka akachoka, mimi nilificha pakiti zake nikatukanwa. Mzee Shabani mwenyewe alimsihi pale benchini. Na kila aliyesema alijibiwa neno lile lile. "Mia mbili na kumi na mbili. Mwulizeni daktari." Lile jina la utani lililokuwa likimwaibisha likawa fahari yake. Vijana wakimwita Buda Mia Mbili aliinua mkono akawaitikia.

Alikufa miaka michache baadaye, mama yako akiwa bado anatambaa. Alikuwa kazini, mguu kwenye kanyagio la cherehani, paji la uso juu ya mkono wa koti alilokuwa analipunguza. Mafundi wenzake walidhani amesinzia, wakamwacha apumzike. Walimgundua baada ya sigara iliyokuwa ukingoni mwa meza kuanza kuunguza ubao.

Mzee Shabani alikuwa miongoni mwa waliomshusha kaburini. Siku ya hitima alikuja akakaa karibu yangu, mwembamba, kanzu ikimpwaya kiasi kwamba nilitamani baba angekuwepo aipunguze. Akanong'ona, "Rukia mwanangu, si yeye ndiye aliyekuwa na namba ndogo?" Akaniangalia akingoja jibu, kwa sababu mimi ndiye msomi. Sikuwa nalo. Tukalia tu, mtoto na rafiki. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila tulipokutana aliniuliza tena kwa macho.

Nimekuwa nikilitafuta jibu hilo tangu wakati ule. Kuna sehemu nimeielewa na sehemu nimemwachia Mungu, kwa sababu hata mtu akifanya yote yapasayo anaweza kuanguka, na mwingine akafanya mabaya yote akaishi mpaka akasahau jina lake. Lakini ile sehemu niliyoielewa ni yako, ndiyo maana nimekukalisha.

Karatasi ya damu usiisome peke yako ukaondoka nayo. Kaa mbele ya daktari umwulize namba hii ni ya kipimo gani, na kwa mtu kama wewe maana yake ni nini, na usione haya kuuliza mara ya pili. Usiilinganishe na ya rafiki yako wala usipime damu ya mtu kwa kutazama tumbo lake. Siku hizi karatasi zenu zina mistari mingi, mafuta mazuri na mafuta mabaya, na mimi sijifanyi naijua yote. Ila najua kwamba ni sehemu tu ya habari. Presha ina habari yake, sukari ina habari yake, sigara ina yake kubwa. Daktari akikupa neno zuri, mwache amalize sentensi. Na siku kifua kikikubana, mwanangu, usiite gesi, nenda hospitali kwanza ukacheke huko baadaye.

Kuna jambo moja halikuwa kwenye karatasi yako, nililitafuta jana halimo. Daktari alikuuliza kama kwenu kuna watu waliokufa kwa moyo? Najua alikuuliza, na najua ulijibu hakuna, kwa sababu mama yako hakumjua babu yake na mimi sikuwahi kukueleza. Sasa unajua. Babu yangu alianguka shambani. Baba yangu alilalia cherehani. Vidonge unavyoviona hapo juu ya redio ni vyangu vya presha. Damu hiyo inayotembea ndani yako imetoka kwao, hata kama namba iko chini. Rudi kwa daktari wiki hii ukamwambie, aandike.

Mungu akupe moyo mtulivu na umri mrefu, akukuze uwaone wajukuu wako nao wakusahaulie miavuli nyumbani kwako. Akuepushe na kifo cha ghafla, na akufungue masikio mpaka mwisho wa sentensi. Haya, nenda, mvua inakuja. Mwavuli uchukue. Pakiti ya sigara iache hapa mezani.